Kupima njia ya hewa ya kijusi kwa altrasaundi: kutoka zoloto hadi panda ya trakea

Trakea (bomba la hewa) ya kichanga aliyezaliwa kwa wakati ina urefu wa takriban sentimita 4 na upana wa ndani wa milimita 4 hadi 5. Katikati ya ujauzito upana huo ni kama nusu yake au pungufu. Ukikosea milimita 0.3 kwenye mfupa wa paja, umri wa mimba hautayumba. Ukikosea milimita hizo hizo kwenye trakea ya milimita 2, umekosea kwa asilimia 15, na ukikitumia kipenyo hicho kukokotoa eneo la tundu, kosa linafika asilimia 32. Mashine ya bei kubwa haitakuokoa hapo. Kinachookoa ni kujua wimbi la sauti limeingia kwa upande gani wa trakea, na alama za kupimia zimewekwa wapi hasa.

Bahati nzuri ni kwamba njia ya hewa ya kijusi haina hewa. Mapafu yake hutoa majimaji muda wote, na majimaji hayo hujaza bronki (matawi mawili ya trakea yanayoingia mapafuni), trakea na zoloto (kisanduku cha sauti) kabla ya kutoka kwenda kooni. Hewa hulizuia wimbi, maji hulipitisha. Kwa hiyo trakea inayokuwa shida kuonekana baada ya mtoto kuzaliwa, tumboni huonekana kama mrija mweusi wenye kingo mbili nyeupe zinazokwenda sambamba. Kuanzia wiki ya 20 hivi mtu mwenye mkono uliozoea huipata kwa vijusi wengi, mradi mgongo wa kijusi usiwe juu.

Mwongozo huu ni kwa sonografa na daktari anayejua tayari vipimo vya kawaida vya kijusi na sasa anatakiwa kupima njia ya hewa: pengine kuna uvimbe shingoni, taya limeonekana dogo, kuna ngiri ya kiwambo (tundu kwenye msuli unaotenga kifua na tumbo), au kituo chake kinaandaa jedwali lake la vipimo vya kawaida.

Kabla ya kushika probu (kifaa kinachopitishwa tumboni mwa mama)

Hakikisha umri wa mimba. Kipimo cha trakea bila umri wa mimba ni namba tupu. Umri unaoaminika zaidi ni ule uliopatikana kwa kupima urefu wa kijusi kutoka utosini hadi matakoni, urefu huo ukiwa kati ya milimita 45 na 84, yaani wiki ya 11 hadi 13 na siku 6. Kina mama wengi wa kwetu hufika kliniki muda huo umeshapita. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 angalau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kama hiyo ipo kwenye kadi, itumie hiyo. Usipange umri upya kwa vipimo vya leo. Umri unaokisiwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho unaweza kukosea kwa wiki 3 au zaidi. Kwa mama wa namna hiyo, andika trakea ukiilinganisha pia na mzingo wa kichwa, na ueleze wazi kwenye ripoti kwamba umri ni wa kukisia.

Mlaze mama akiegemea kidogo ubavu wa kushoto, hasa baada ya wiki ya 28, maana kazi hii inaweza kuchukua dakika 20 na kulala chali muda wote huo humletea kizunguzungu. Kama kijusi kimeinamisha kidevu kifuani, usilazimishe. Mama atembee dakika 10 hadi 15, kisha mrudie. Kubonyeza probu kwa nguvu ili kijusi kigeuke hakusaidii, na kunabana shingo unayotaka kuipima.

Kuweka mashine

Chagua masafa ya juu kadiri kina kinavyoruhusu. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Sauti hupita kwenye nyama laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kwenye megahezi 5, wimbi moja lina urefu wa milimita 0.31. Mpigo mmoja wa probu huwa na mawimbi 2 hadi 3, na mashine hutenganisha vitu viwili vilivyofuatana kwenye njia ya wimbi iwapo umbali wao unazidi nusu ya urefu wa mpigo: milimita 0.3 hadi 0.45. Kwenye megahezi 3.5 unapanda hadi milimita 0.45 au 0.65 hivi. Hiyo ndiyo rula uliyonayo, na huwezi kupima kitu kwa usahihi unaozidi rula yako.

Hayo ni kwa vitu vinavyofuatana kwenye njia ya wimbi. Kwa vitu vilivyo ubavuni kwa ubavuni, rula ni pana zaidi, kwa sababu inategemea unene wa mwali wenyewe, na kwenye kina cha sentimita 8 unene huo unaweza kufika milimita moja au kuipita. Shikilia tofauti hii. Ndiyo itakayoamua kila hatua inayofuata.

Kisha:

1. Weka fokasi kwenye shingo ya kijusi au chini yake kidogo.
2. Punguza nguvu ya mwangwi (gain) mpaka maji ndani ya trakea yawe meusi kabisa, lakini kingo zisikatike. Mwangwi ukizidi, kingo hunenepa kwa ndani na tundu linaonekana jembamba kuliko lilivyo.
3. Kuza picha kabla ya kuisimamisha, shingo na kifua cha juu vijaze angalau theluthi mbili za skrini. Kina cha sentimita 15 kikionyeshwa kwa nukta 600, kila nukta ni milimita 0.25, ukikuza hadi sentimita 4, nukta moja inakuwa chini ya milimita 0.07.
4. Washa uchakataji wa mwangwi wa maradufu (harmonic) kama upo. Husafisha maji.
5. Angalia kiashiria cha joto cha mifupa (TIb) kwenye kona ya skrini. Kikiwa 0.7 au chini, muda si tatizo. Kikipanda hadi kati ya 1.0 na 1.5, usizidishe dakika 30. Dopla (hali ya kuonyesha mtiririko) hupandisha namba hii haraka, kwa hiyo iwashe, jibu swali lako, izime.

Kuipata trakea

Anzia kifuani, si shingoni. Watu wengi huanza kwenye kidevu na kupotea kwenye kivuli cha taya. Tafuta picha ya moyo yenye vyumba vinne, kisha inua probu polepole kuelekea kichwani mpaka uione ile picha ya mishipa mitatu na trakea. Hapo, kutoka kushoto kwa kijusi kwenda kulia, utaona mkondo wa ateri ya mapafu, tao la aota, na vena kava ya juu, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia. Ateri na aota hukutana upande wa kushoto wa uti wa mgongo kama herufi V. Trakea ni kiduara cheusi chenye ukingo mweupe kilicho kulia kwa tao la aota, nyuma ya vena kava.

Kaa hapo kidogo hata kama kazi yako ni kupima tu. Trakea ikiwa imekamatwa katikati ya mishipa, yaani aota iko kulia kwake na ateri inazunguka kushoto kama herufi U, au kuna tao la aota kila upande, umekutana na pete ya mishipa, na hiyo ni habari nzito kuliko kipenyo chochote utakachoandika.

Kutoka kwenye kiduara hicho, geuza probu nyuzi 90 taratibu bila kukipoteza. Kiduara kitanyooka kuwa mrija. Ukifuata mrija kuelekea kichwani utafika kwenye zoloto, palipobanana, na juu yake koromeo lenye vifuko viwili vya maji pembeni. Ukiufuata kuelekea chini utafika kwenye panda, ambapo bronki mbili hutengana. Ya kulia ni pana na imesimama wima zaidi. Bronki ndogo zaidi ya hizo hazionekani kwa kijusi chenye afya. Ukiziona matawi meusi yaliyotanuka ndani ya mapafu, jambo si la kawaida.

Ili kujua kwamba ni trakea kweli, fanya majaribio matatu. Rangi ya Dopla: mrija ukijaa rangi kwa kufuata mapigo ya moyo, ni mshipa. Subira: umio, ulio nyuma ya trakea na kushoto kidogo, hufunguka kijusi kinapomeza na kujifunga baada ya sekunde chache, ilhali trakea haifungi. Mwisho, ufuate mrija mpaka uone panda. Umio hauna panda.

Wimbi liingie upande gani

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, na mharibifu mwenyewe huwa hajui.

Kingo mbili unazotaka kuzipima lazima zikingame na wimbi, ili alama zako zifuatane kwenye njia ya wimbi, pale rula ilipo nyembamba. Kwa kipenyo cha mbele hadi nyuma, kijusi kiwe kimelala mgongo chini, uso ukitazama probu. Picha iwe ya kukata shingo kwa mkingamo au kwa urefu ukipita katikati ya uso. Kwa kipenyo cha kushoto hadi kulia, wimbi liingie kutoka ubavuni mwa shingo. Picha ya mbele inayoonyesha koromeo, zoloto, trakea na panda kwa pamoja hupendeza sana, lakini ikiwa wimbi limeshuka kutoka upande wa kichwa sambamba na trakea, kingo zitakuwa zimefifia na upana utakaosoma ni unene wa mwali wako. Picha hiyo ni ya kuonyesha, si ya kupimia.

Ukipata kijusi katika mkao mmoja tu, pima kipenyo kimoja na uandike ni kipi. Usijazie cha pili kwa kubahatisha.

Mkato ulioinama nao ni mtego. Trakea iliyokatwa mshazari huonekana yai badala ya duara. Ukiinama nyuzi 20 kipenyo kirefu huongezeka kwa asilimia 6. Nyuzi 30, asilimia 15. Kwenye kifua, tazama mbavu: ukiona ubavu mmoja mzima kila upande, umekata sawa. Vipande vya mbavu kadhaa upande mmoja maana yake umeinama.

Kuweka alama

1. Subiri kijusi kitulie. Kijusi hufanya mazoezi ya kupumua, na kila mara majimaji yanapoingia na kutoka, trakea hutanuka na kusinyaa. Ukuta wa nyuma hauna gegedu, ni utando na misuli, kwa hiyo ndio unaocheza zaidi. Tazama kiwambo: kikipanda na kushuka, ngoja. Kumeza nako, ngoja.
2. Rekodi kipande cha video cha sekunde kadhaa, kisha rudi nyuma picha kwa picha mpaka upate ile yenye kingo zote mbili kali.
3. Weka alama ya kwanza pale weupe wa ukingo wa juu unapoishia na weusi unapoanzia, na ya pili pale weusi unapoishia chini. Hicho ni kipenyo cha ndani. Wengine hupima kutoka nje hadi nje. Si kosa, ila ni kipimo kingine, na jedwali la njia moja halisomwi kwa namba za njia nyingine. Kuchanganya hizi mbili kunatosha kumgeuza kijusi mwenye afya kuwa mgonjwa kwenye karatasi.
4. Pima katika ngazi tatu: chini tu ya zoloto, kwenye mlango wa kifua usawa wa mitulinga, na juu tu ya panda. Ukiwa na muda wa ngazi moja pekee, chagua ya picha ya mishipa mitatu, maana ndiyo rahisi mtu mwingine kuirudia.
5. Rudia mara tatu kwa picha tatu tofauti, probu ikiondolewa na kurudishwa. Kupima picha moja iliyosimamishwa mara tatu ni kupima mkono wako, si trakea. Tatu zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.5, zitupe zote uanze upya. Andika wastani kwa desimali moja. Desimali mbili kwenye rula ya milimita 0.3 ni kujidanganya.

Zoloto na urefu

Upana wa zoloto hupimwa kwenye mkato wa mkingamo usawa wa nyuzi za sauti, kutoka nje hadi nje, kwa kuwa tundu lenyewe mara nyingi limefungwa. Jipe nafasi ya kuona nyuzi zikifunguka kijusi kinapopumua. Ukiwasha Dopla ya rangi kwa kasi ya chini kabisa, utaona majimaji yakipita juu na chini, na huo ni ushahidi mzuri kwamba njia iko wazi, pengine mzuri kuliko kipenyo.

Urefu wa trakea, kutoka chini ya zoloto hadi panda, hubadilika na shingo. Kidevu kikiwa kifuani trakea hufupika, shingo ikinyooshwa nyuma hurefuka. Pima shingo ikiwa katika hali ya kati, na kama haikuwa hivyo, acha kipimo hiki. Ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote hapa.

Namba zinapoashiria hatari

Trakea iliyotanuka, mapafu makubwa yenye mwangwi mweupe, kiwambo kilichobonyea au kugeukia chini, moyo uliobanwa katikati na maji tumboni: hiyo ni hali inayoitwa kwa kifupi CHAOS, kuziba kwa njia ya hewa sehemu ya juu. Majimaji ya mapafu hayana pa kutokea. Hapo kazi yako ni kutafuta ngazi ya kuziba, yaani pale mrija mpana unapokatika ghafla.

Uvimbe wa shingo hupimwa kwa namna nyingine. Usitosheke na ukubwa wake. Pima umeisukuma trakea kiasi gani. Kwenye MRI (picha za sumaku) hupimwa umbali ambao trakea na umio vimehama kutoka mbele ya uti wa mgongo, kwenda mbele na kwenda pembeni, kisha vipimo hivyo viwili hujumlishwa. Jumla ikizidi milimita 12, tarajia njia ya hewa ngumu na uzazi uliopangwa, pamoja na timu inayoweza kumwekea mtoto mrija wa hewa kabla kitovu hakijakatwa.

Kwa taya dogo, gawanya urefu wa taya la chini kutoka mbele hadi nyuma kwa upana wa kichwa, zidisha kwa 100. Chini ya 23 ni ishara ya taya dogo. Pembe ya chini ya uso (inayoonyesha kidevu kimerudi nyuma kiasi gani), ikipimwa kwa mkato wa katikati kabisa, isipungue nyuzi 50.

Kwenye ngiri ya kiwambo, kinachopimwa hasa ni pafu la upande usio na ngiri, usawa wa picha ya vyumba vinne, kwa kuzungushia alama ukingo wake na kugawanya eneo kwa mzingo wa kichwa. Uwiano huo hulinganishwa na unaotarajiwa kwa umri ule; chini ya asilimia 25 kwa ngiri ya kushoto ni hali kali. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021, vijusi wa kundi hilo waliowekewa puto kwenye trakea kati ya wiki ya 27 na 29, likaondolewa wiki ya 34, waliishi hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa asilimia 40, dhidi ya 15 ya wasiowekewa. Puto lenyewe hutanua trakea, kwa hiyo kwa mtoto wa namna hiyo jedwali la kawaida la kipenyo halitumiki.

MRI ina faida kwenye uvimbe mkubwa, mama mnene, au maji ya uzazi yakipungua. Ila kumbuka unene wa vipande vyake: kwa kawaida milimita 3 hadi 4, yaani sawa na trakea nzima. Kipande kikipita ukingoni, nusu yake ni maji na nusu ni nyama, na ukingo unakuwa ukungu. Tumia MRI kuona mahusiano, kipenyo kirudishe kwenye altrasaundi.

Ukiandaa jedwali la kituo chako

Kila kijusi apimwe mara moja tu kwa ajili ya jedwali, wiki zote ziwe na idadi inayokaribiana, na usichague wale tu walioonekana vizuri bila kuandika wangapi hawakuonekana. Kabla ya kuanza, wapimaji wawili wapime vijusi wale wale 20 hadi 30 bila kuonana majibu, na tofauti zao zichorwe dhidi ya wastani kwa njia ya Bland na Altman. Kulingana kwa mstari peke yake kunapumbaza: wapimaji wawili wanaweza kulingana vizuri sana huku mmoja akizidisha milimita nzima kila mara. Tanzania utahitaji kibali cha maadili, ambacho kwa utafiti wa ngazi ya taifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi.

Wanaopima vielelezo vya vijusi waliofariki, kwa ridhaa ya wazazi, wajihadhari na fomalini: hukaza na kusinyaza nyama, hivyo pima kabla na baada ya kuhifadhi ujue kiwango cha kusinyaa kwako mwenyewe. Kalipa ya kidijitali ikibanwa kwenye gegedu laini huibonyeza. Njia salama ni kupasua trakea kwa urefu upande wa nyuma, kuilaza bapa bila kuivuta, kupima upana wa ndani na kugawanya kwa 3.14. Upana wa milimita 9.4 ni kipenyo cha milimita 3.0. Kipenyo hicho huchukulia trakea kuwa duara kamili, kwa hiyo usikiweke kwenye safu moja na vya altrasaundi.